Lindo Kali la Sanduku la Barua Pepe

Nyumba isiyo na mlango huingiwa na mbuzi, mbwa na mwizi. Lakini nyumba ambayo mlango wake haufunguki hata kwa mwenye haki ya kuingia, hiyo nayo si nyumba bali ni gereza. Kati ya hali hizo mbili ndipo anapotakiwa kusimama kila mtu mwenye anwani ya barua pepe siku hizi. Kwa barua pepe askari aliye kazini ng'ambo hupeleka habari nyumbani, mtoto hupokea majibu ya chuo, na mstaafu huitwa kuhakikiwa ili malipo yake yasije yakakatika. Lakini kwa njia hiyo hiyo huingia pia barua zisizoalikwa: matangazo ya dawa za kila maradhi, ushindi wa bahati nasibu ambayo mtu hakuicheza, urithi wa tajiri asiyemjua, na vitisho kutoka benki ambayo hana akaunti nayo. Barua hizo huitwa barua taka, na chombo cha kuzizuia huitwa kichujio.

Watu walio wengi huiachia kampuni inayowapa anwani kazi yote ya kuchuja. Wako wachache ambao hawaridhiki na ulinzi huo, nao hujiwekea sheria zao wenyewe, kali kuliko za kampuni yoyote. Mmoja wao ni sajini mstaafu wa polisi, mkazi wa mashariki mwa Uganda, aliyetumikia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye kaunta ya kituo. Sanduku lake la barua linaendeshwa katika seva ambayo mtoto wa ndugu yake, fundi wa kompyuta, huikodi kwa ajili ya ukoo mzima. Fundi aliweka programu, lakini amri za kuingia na kutoka ni za mzee mwenyewe. Majirani humcheka kwamba hata kompyuta ameiweka kizuizini. Yeye hajali, husema kwamba mtu aliyekaa kaunta hawezi tena kumwamini kila apigaye hodi.

Chanzo cha adha

Adha hii si ya jana. Mwaka 1971 Mmarekani Ray Tomlinson alipeleka ujumbe wa kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao, akachagua ile alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine yake. Haikupita hata miaka kumi kabla ya tangazo la kwanza la biashara kuingia humo. Mwezi Mei 1978, Gary Thuerk, mwuzaji wa kampuni ya kompyuta iliyoitwa Digital Equipment Corporation, alipeleka tangazo moja kwa watu karibu 400 waliokuwa katika mtandao wa ARPANET. Wengi walikasirika, naye akaonywa. Lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa.

Jina la Kiingereza la uchafu huu, spam, ni jina la nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1937. Mwaka 1970 wachekeshaji wa Uingereza waliojiita Monty Python walionyesha mkahawa ambamo karibu kila chakula kilikuwa na nyama hiyo, na jina lake likarudiwa hata mazungumzo mengine yote yakamezwa. Watumiaji wa kompyuta waliona kwamba barua zisizoalikwa hufanya vivyo hivyo: huimba wimbo wao kwa sauti kubwa mpaka sauti ya jamaa isisikike.

Tena adha hii haikuisha kama ilivyotarajiwa. Mwezi Januari 2004, Bill Gates wa kampuni ya Microsoft alitabiri huko Davos, Uswisi, kwamba katika muda wa miaka miwili tatizo la barua taka lingekuwa limetatuliwa. Miaka ile miwili imepita mara nyingi, na barua taka bado zinakuja.

Kwa nini lango li wazi

Msomaji aweza kuuliza, kwa nini mitambo yenye akili nyingi namna hii hushindwa kuwakamata waongo? Jibu liko katika jinsi barua pepe ilivyojengwa. Kanuni za kupeleka barua, ambazo Jon Postel aliziandika mwaka 1982, zilitungwa wakati watumiaji wa mtandao walikuwa wachache na wenye kuaminiana. Kama vile mtu awezavyo kuandika jina lolote nyuma ya bahasha, posta isimwulize kitu, ndivyo kanuni hizo zilivyomwachia mpelekaji aandike anwani yoyote kuwa ndiyo yake. Mwizi aweza kuandika kwamba yeye ni benki, au kwamba yeye ni kamanda wa kikosi, na barua ikafika.

Baadaye mafundi walitia mihuri. Kuna kanuni inayotaja ni seva zipi zenye ruhusa ya kupeleka barua kwa jina fulani, na nyingine inayotia saini isiyoonekana kwa macho lakini inayokaguliwa na mashine. Tangu Februari 2024 kampuni ya Google huwataka wanaopeleka barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenye anwani zake za Gmail wawe na mihuri hiyo. Hata hivyo, muhuri huthibitisha tu kwamba barua imetoka mahali ilipotajwa. Hauthibitishi kwamba mwenye mahali hapo ni mtu mwema. Mwizi naye aweza kusajili jina lake na kupata muhuri halali.

Mizani ya maneno

Kwa hiyo kichujio hakina budi kuipima barua yenyewe. Njia iliyopata sifa kubwa ni ile iliyoelezwa na Paul Graham, mtunga programu wa Marekani, katika makala ya Agosti 2002. Msingi wake ni hesabu ya Thomas Bayes, kasisi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761, na ambaye kazi yake hiyo ilichapishwa mwaka 1763. Mwenye sanduku huionyesha mashine rundo la barua njema na rundo la barua taka. Mashine huhesabu kila neno limeonekana mara ngapi katika kila rundo. Barua mpya ikija, maneno yake hupimwa, na mashine hutoa hukumu yake kwa kukadiria: yaelekea ni taka, au yaelekea ni njema.

Programu aitumiayo sajini yaitwa SpamAssassin, ambayo ilitolewa mwaka 2001. Yenyewe hutoa alama kama mwalimu. Anwani yenye kutiliwa shaka hupata alama, kichwa cha barua kilichoandikwa chote kwa herufi kubwa hupata alama, maneno ya fedha na haraka hupata alama. Kwa desturi ya programu hiyo, barua ikifikisha alama 5 huhesabiwa kuwa taka. Sajini aliona 5 ni huruma ya kupita kiasi. Akamwamuru fundi ashushe kiwango hadi 3.

Amri za sajini

Amri yake ya kwanza ni daftari la majina. Jamaa, marafiki, shule, benki na ofisi ya pensheni wameandikwa humo kwa anwani zao kamili, na barua zao, zikiwa na mihuri yao, hupita bila kusimamishwa. Asiye katika daftari, hata akiwa na alama sifuri, haingii sandukuni moja kwa moja. Hupelekwa kwenye folda ambayo mzee ameiita Wageni, angoje. Mgeni aliyefikisha alama 3 hupelekwa mbali zaidi, kwenye folda iitwayo Karantini.

Amri ya pili yahusu viambatisho. Barua yoyote inayobeba programu ya kuendeshwa katika kompyuta hukataliwa, hata kama imetoka kwa ndugu wa damu. Sababu yake yajulikana: mwezi Mei 2000, kirusi kilichotokea Ufilipino kilienea duniani kwa barua zilizojidai kuwa za mapenzi, na kila aliyekifungua alikipeleka, bila kujua, kwa watu walioandikwa katika daftari lake mwenyewe. Ndugu mwema aweza kuwa mchukuzi wa ugonjwa asiojua kwamba anao.

Amri ya tatu ni kutotoa anwani moja kwa watu wote. Dukani hutoa anwani ya dukani, na kwenye chama cha akiba hutoa ya chama. Zote humfikia yeye, lakini kila moja ina alama yake. Barua ya dawa za nguvu ikija kwa anwani ya dukani, mzee hujua mara moja ni nani aliyeuza siri, naye huifunga anwani hiyo tu. Tangu mwaka 2019 Uganda ina sheria ya kulinda habari za mtu binafsi, nayo humpa mwananchi haki ya kukataa habari zake zisitumiwe kumpelekea matangazo. Lakini sheria huhitaji ushahidi, na anwani yenye alama ni mwanzo wa ushahidi.

Amri ya nne ni kutojibu. Chini ya barua taka nyingi huandikwa: bonyeza hapa ili uondolewe katika orodha. Duka halisi lenye sifa laweza kutimiza ahadi hiyo. Tapeli hatimizi, kwake kubonyeza ni uthibitisho kwamba anwani ina mtu aliye hai anayesoma, na bei ya anwani hiyo hupanda. Kwa sababu iyo hiyo sajini alikataa shauri la fundi kwamba kila mgeni ajibiwe na mashine aombwe kujitambulisha. Kwa kuwa jina la mpelekaji aghalabu ni la wizi, jibu lingemwangukia mtu mwingine asiye na hatia, na mlinzi angekuwa yeye mwenyewe msumbufu wa majirani.

Amri ya tano ndiyo iliyo kubwa, na imetoka kaunta moja kwa moja. Katika kituo cha polisi, mtu yeyote akifika, awe mlalamikaji, mlevi au mwenda wazimu, kufika kwake hakuna budi kuandikwa katika kitabu cha matukio. Askari aweza kumwambia arudi kesho, lakini hawezi kufanya kana kwamba hakuja. Vivyo hivyo, sajini alikataza mashine yake kufuta barua kimya kimya. Kampuni nyingi huzifuta barua taka baada ya muda. Gmail, kwa mfano, huzifuta baada ya siku 30. Kwake hakuna kinachofutwa kabla ya jicho lake kukipitia. Kila jioni, baada ya habari za redio, hufungua folda zote mbili, Wageni na Karantini, akasoma majina na vichwa vya barua moja baada ya moja. Kazi hiyo huchukua dakika kumi, na mkewe huiita zamu ya usiku.

Bei ya ukali

Watu wengi hufikiri kwamba hasara ya kichujio ni ile barua taka inayoponyoka na kuingia. Hiyo ni hasara ndogo. Mtu huiona, akaifuta, yakaisha. Hasara kubwa ni barua ya kweli inayozuiwa, kwa kuwa aliyepelekewa hajui kwamba ameandikiwa, na aliyepeleka hudhani kwamba amedharauliwa. Yule hulala kwa amani, na huyu hulala kwa uchungu. Kadiri kiwango kinavyoshushwa ndivyo barua taka zinavyopungua, na kadiri hiyo hiyo ndivyo barua za haki zinavyokamatwa.

Siku moja kulikuwa katika karantini ya sajini barua yenye alama nyingi. Ilitoka kwenye anwani mpya isiyojulikana. Kichwa chake kilikuwa OMBI LA HARAKA, chote kwa herufi kubwa. Ndani mlikuwa na maneno marehemu, yatima, fedha, urithi na tafadhali sana. Mashine ilifanya kazi yake sawasawa: kila neno kati ya hayo limepita mara nyingi katika barua za matapeli, wale ambao ulaghai wao umepewa jina la 419, kutokana na namba ya kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria. Ulaghai wenyewe ni mkongwe kuliko kompyuta. Katika karne ya 19 huko Ulaya ziliandikwa kwa mkono barua za tajiri aliyedaiwa kufungwa Hispania, ambaye angemlipa maradufu yeyote atakayemsaidia kutoka. Jioni hiyo hiyo, katika karantini hiyo hiyo, kulikuwa na barua nyingine mbili za mayatima, zenye maneno yale yale.

Lakini barua hii ilianza kwa maneno Baba mkubwa. Mwandishi wake alisema kuwa ni binti wa koplo fulani, aliyekuwa mdogo wa sajini kazini na aliyelala naye chumba kimoja katika mafunzo. Koplo huyo alifariki, na ofisi inayoshughulikia haki za warithi ilihitaji maelezo ya maandishi ya mtu aliyetumikia pamoja naye, kwa kuwa kurasa fulani za kumbukumbu zake hazikuonekana. Siku zilizotolewa zilikuwa zimebaki tisa. Binti alikuwa ameandika akiwa kwenye duka la intaneti, akafungua anwani kwa ajili ya barua hiyo moja, na akatumia herufi kubwa kwa sababu alidhani ndiyo heshima.

Sajini hakumjibu papo hapo, wala hakuipiga simu iliyoandikwa katika barua. Alifungua daftari lake la zamani la karatasi, akatafuta namba ya kaka wa marehemu, akampigia huyo. Akauliza jina la mama wa binti na jina la utani ambalo koplo aliitwa na wenziwe kambini, jambo ambalo halikuandikwa popote. Alipojibiwa barabara, aliketi akaandika maelezo yake kurasa mbili, akatia saini, na asubuhi akayapeleka kwa mkono wake. Faili la marehemu likasonga mbele. Anwani ya binti iliandikwa katika daftari la majina, chini ya jina la baba yake.

Hapo ndipo penye fundisho. Shida ya kweli na shida ya uongo huvaa nguo moja. Tapeli hujifunza maneno ya mjane kwa sababu maneno ya mjane hufungua mioyo; naye mjane hana maneno mengine ya kusemea haja yake. Mashine, hata iwe na hesabu ya namna gani, hupima maneno, haipimi haja. Kama sajini angekuwa na ukali bila ile zamu ya usiku, binti yule angehesabiwa pamoja na wezi, na hakuna mtu ambaye angejua kwamba kosa limetendeka. Na kama angekuwa na huruma bila ukali, sanduku lake lingejaa hata barua ile ingezama kati ya mia nyingine. Ukali ulimpunguzia barua za kusoma, na ukaguzi ukamwezesha kuzisoma zilizobaki.

Yafaayo nyumbani

Si kila jamaa ina fundi wala seva, lakini desturi hizi zawezekana katika simu ya mkononi ya kawaida. Yafaa anwani za jamaa walio mbali, za shule na za ofisi muhimu ziandikwe katika orodha ya watu wanaojulikana kabla ya shida kutokea. Yafaa folda ya barua taka ifunguliwe angalau mara moja kwa juma, na kila siku pale ambapo majibu ya kazi, chuo au malipo yanangojwa. Barua ya haki ikionekana humo, isisomwe tu na kuachwa, bali ibonyezwe kwamba si taka, kwa maana hivyo ndivyo mashine inavyofundishwa. Katika nyumba ambayo mume yuko kazini ng'ambo, mke na watoto wakubwa na wajue desturi hiyo, ili zamu isife mwenye nyumba akisafiri.

Tahadhari hizo zaelekea simu pia, kwa sababu matapeli wamehamia huko. Nchini Tanzania wananchi wamezoea kupata ujumbe mfupi unaosema ile hela itumwe kwenye namba hii, kana kwamba mazungumzo yalikwisha kuanza. Sheria ya makosa ya mtandao ya nchi hiyo, ya mwaka 2015, imegusa pia suala la ujumbe usioombwa. Lakini ulinzi wa kwanza ungali ule wa sajini: mtu asitumie namba iliyomjia ndani ya ujumbe kuuthibitisha ujumbe huo huo, bali atafute namba aliyoijua kabla.

Mwenye kulinda mlango wake kwa ukali hana sababu ya kuona haya, kwani sanduku la barua ni sehemu ya nyumba, na nyumba ina haki ya kufungwa. Lakini kila anayeongeza komeo moja ajiongezee na wajibu mmoja: kutoka nje jioni, taa mkononi, aangalie ni nani aliyeachwa akingoja langoni.